PAKA AKIUGUA GHAFLA, TUFANYE NINI?



Paka ni mlinzi wa chakula chetu. Mchana utamwona amelala juani, ukadhani ni mvivu. Usiku anafanya kazi. Panya wakiingia katika ghala la mahindi hawali tu. Wanakojolea na kunyea kile wanachokiacha. Ndiyo maana wazee walisema, "Paka akiondoka, panya hutawala."

Lakini mlinzi huyu hatuna desturi ya kumwuguza. Ng'ombe akikohoa tunamwita bwana mifugo. Mbuzi akivimba tumbo nyumba nzima inahangaika. Paka akiugua tunasema, "Mwache, atapona mwenyewe." Hata mtu asiyekufa upesi tunasema ana roho ya paka. Basi paka anaachwa chini ya uchaga siku mbili, tatu, na siku ya nne anatupwa porini. Hakuna anayeuliza amekufa kwa nini.

Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini ni lazima kuuliza. Paka analala ndani ya nyumba yetu. Anakula mabaki ya chakula chetu. Anapita mahali wanapotambaa watoto wetu. Kitu kilichomdhuru paka kimo nyumbani au karibu na nyumbani. Dalili ya mvua ni mawingu.

KWA NINI UGONJWA WA PAKA HUONEKANA WA GHAFLA?

Paka ni mnyama anayeficha maumivu. Akiumwa hujitenga. Huenda mvunguni, nyuma ya mapipa au juu ya dari. Kwa hiyo mwenye paka huona leo jambo lililoanza juzi. Tunasema, "Jana alikuwa mzima kabisa!" Kumbe jana hatukumtazama.

Jifunze kumjua paka wako akiwa mzima. Anakula mara ngapi? Analala wapi? Ufizi wake una rangi gani? Ufizi wa paka mzima kwa kawaida ni wa rangi ya waridi. Ukiujua uzima, ugonjwa hautakupita.

JAMBO LA KWANZA: USIMSHIKE UPESI

Paka anayeyumba, anayetoa mate mengi au anayelia kwa sauti ngeni, usikimbilie kumbeba. Waondoe watoto kwanza. Simama mbali kidogo umtazame. Kwa nini? Kwa sababu inawezekana ana kichaa cha mbwa.

Wengi wetu tukisikia jina hilo tunadhani ni ugonjwa wa mbwa peke yake. Siyo. Kweli, karibu watu wote wanaopata kichaa wanakipata kwa kung'atwa na mbwa. Lakini mbwa huyohuyo akimng'ata paka, paka naye huugua, na paka akimng'ata au kumkwaruza mtu, mtu huugua pia. Ugonjwa huu unakaa katika mate.

Dalili yake kubwa ni tabia kubadilika. Paka mpole anakuwa mkali na kurukia watu bila kuchokozwa. Paka aliyezoea watu anajificha, au paka wa porini anakuja ndani bila woga. Sauti inabadilika. Taya la chini linalegea na mate yanatiririka. Miguu ya nyuma inakosa nguvu. Siyo lazima dalili zote zionekane, na siyo kila paka mwenye kichaa huwa mkali. Wengine hupooza tu. Mara dalili zinapoanza, paka hufa katika siku chache, kwa kawaida hazizidi 10.

Kama paka wa namna hii amekung'ata au kukukwaruza, fanya hivi:

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Usichoke baada ya dakika mbili. Kama huna bomba, mtu akumiminie maji kwa kata au kopo.

2. Usipake majivu, mafuta ya taa, majani wala tumbaku. Usilifunge jeraha kwa kulibana.

3. Nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama chanjo haipo pale, watakuelekeza hospitali iliyo nayo. Usirudi nyumbani kungoja.

4. Pata sindano zote katika tarehe ulizoandikiwa. Wapo wanaoogopa kwa sababu walisikia habari za sindano nyingi za tumboni. Hayo yalikuwa mambo ya zamani. Siku hizi sindano ni chache na huchomwa begani.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu moja. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha. Lakini chanjo ikiwahi, mtu anapona. Chanjo ya kwanza kwa mtu aliyeng'atwa ilitolewa Ufaransa mwaka 1885 na mtaalamu Louis Pasteur, kwa mtoto wa miaka tisa. Mtoto yule hakuugua. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa, wengi wao katika Afrika na Asia. Wengi ni watoto. Mtoto hung'atwa akaogopa kusema, maana anajua atagombezwa. Tusiwagombeze. Tuwafundishe kusema.

Na paka mwenyewe? Usimwue kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa chumbani bila kushikwa, mfungie, umwite afisa mifugo. Akikaa mzima siku 10 baada ya kung'ata, inajulikana kwamba mate yake hayakuwa na kichaa siku ile. Lakini usingoje siku hizo 10 ndipo uende hospitali. Nenda kwanza. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu na usimtupe mtoni. Mjulishe afisa mifugo, kwani kichwa cha mnyama hupimwa kupata hakika. Asipohitajika kupimwa, mzike katika shimo refu.

MASWALI MANNE

Tuseme tabia ya paka haijabadilika, hajang'atwa na mbwa, hajang'ata mtu. Ni mnyonge tu. Sasa tujiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Kala nini? Hapa sumu ya panya inakuja mbele. Paka si lazima aile sumu yenyewe. Anakula panya aliyekwisha kuila. Ziko sumu za aina mbalimbali. Aina moja huzuia damu kuganda. Paka haonyeshi kitu siku tatu au hata tano, kisha analegea, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani au katika kinyesi. Huyu anaweza kuokolewa kwa sindano za vitamini K akiwahi kufikishwa kwa mtaalamu. Aina nyingine ni unga wa kijivu au mweusi, ambao ukifika tumboni hutoa hewa yenye sumu. Hiyo huua upesi na haina dawa yake.

Angalia pia dawa za watu. Mtu anamwona paka ana homa, anamhurumia, anampa kipande cha panadoli. Ndugu zetu, panadoli ni sumu kwa paka! Mwili wake hauwezi kuivunja kama mwili wa mtu unavyofanya. Kidonge kimoja tu kinaweza kumwua. Ufizi hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso huvimba, na paka huhema mbiombio.

Swali la pili: Kapakwa nini, au kalala wapi? Wapo wanaomwosha paka kwa dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe. Wanataka kumwondolea viroboto. Baadhi ya dawa hizo hazimdhuru ng'ombe wala mbwa, lakini paka zinamdhuru vibaya. Baada ya saa chache masikio yanacheza, mwili unatetemeka, halafu anapata degedege. Vilevile paka akilala juu ya magunia yaliyonyunyiziwa dawa ya kuhifadhia mahindi, dawa inashika manyoya. Akijilamba anaimeza. Mate, machozi na kuhara ni dalili zake. Kama dawa iko juu ya manyoya, vaa glovu au funga vitambaa mikononi, umwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Kisha mkaushe na umfunike apate joto.

Swali la tatu: Kakojoa lini? Swali hili ni la paka dume hasa. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na mara nyingine huziba. Utamwona anachuchumaa kwenye mchanga mara kwa mara, anakamua, analia, na hakuna kinachotoka. Anajilamba nyuma. Tumbo ni gumu na hataki liguswe. Watu wengi hudhani amefunga choo, wanampa mafuta anywe. Siyo choo. Ni mkojo. Paka huyu anaweza kufa katika siku mbili au tatu, kwani mkojo ukikosa njia sumu yake inarudi katika damu. Dawa za kienyeji hazizibui. Mtaalamu hupitisha mpira mwembamba kuufungulia mkojo. Hapa hakuna kulala na kuamka. Ni leo.

Swali la nne: Ana umri gani, na wenzake wakoje? Vitoto vya paka vikianza kutapika na kuharisha pamoja, vikaacha kula, na kimoja kikafa baada ya kingine, huenda ni ugonjwa wa virusi vya paka. Hauwapati watu. Lakini virusi hivyo hudumu ndani ya nyumba miezi mingi, hata mwaka. Choma matambara waliyolalia, osha sakafu kwa dawa ya klorini, na usilete kitoto kingine upesi. Ugonjwa huu una chanjo.

CHUKUA KALAMU

Ndugu mwanakisomo, hukujifunza kuandika ili uandike barua tu. Paka akiugua, chukua daftari. Andika siku, saa na jambo uliloliona. Usiandike unachodhani, andika ulichokiona. Kwa mfano:

Jumatatu jioni: Kala dagaa kidogo, kaacha.
Jumanne saa 1 asubuhi: Kachuchumaa mara tano mchangani. Hakuna mkojo.
Jumanne saa 3: Katapika mara moja. Analia akiguswa tumbo.
Dume, miaka mitatu. Hajachanjwa.

Afisa mifugo akisomewa maneno haya kwa simu, atajua la kufanya kabla hajapanda baiskeli. Lakini akiambiwa tu, "Paka wetu anaumwa," atajua nini?

Na kusoma vilevile. Kila dawa ya shambani au ya mifugo iliyo halali ina karatasi yenye maandishi. Soma jina lake, soma onyo lake. Ukienda kuomba msaada, nenda na pakiti au chupa. Sumu ya panya inayouzwa mnadani katika vikaratasi visivyo na maandishi, usiinunue. Siku ikimdhuru mtu, daktari atakuuliza, "Ni sumu gani?" Utajibu nini?

MAMBO YA KUEPUKA

Usimlazimishe paka mwenye degedege kunywa maziwa, mafuta au maji. Yanaingia katika mapafu, anakufa kwa hayo badala ya sumu. Usimpe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu. Usimpe dawa ya mtu, wala ya ng'ombe, wala ya mbwa bila kuelekezwa. Mweke mahali penye giza na utulivu, pasipo kelele wala watoto, umweleze mtaalamu.

Tunajua wengine watasema, "Bwana mifugo yuko mbali, na paka hana thamani ya nauli." Neno hilo lina ukweli wake. Kila mtu anaujua mfuko wake. Lakini hata kama huwezi kumtibu paka, unaweza kutafuta chanzo. Kutafuta chanzo hakuna nauli.

PAKA WA MINAMATA

Tuwaeleze habari ya kweli kutoka Japani. Minamata ni mji wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa nchi hiyo. Wengi wa watu wa vijiji vya pwani hiyo walikuwa wavuvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 paka wao walianza kuugua ugonjwa wa ajabu. Walitetemeka, wakayumba, wakazunguka na kurukaruka kama wanaocheza ngoma. Wengine walitumbukia baharini wakafa. Watu wakauita ugonjwa wa paka wanaocheza.

Baadaye wakaanza watu. Mikono ilikufa ganzi, maneno yakawa hayatoki vizuri, macho yakapungua nguvu, wengine wakapata degedege na kufa. Tarehe 1 Mei 1956, Daktari Hosokawa Hajime wa hospitali ya kiwanda cha kampuni ya Chisso alitoa taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa usiojulikana. Mwaka 1959 daktari huyo alimpa paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka akaugua vilevile. Kampuni haikutangaza matokeo hayo. Maji yale yaliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968, na mwaka huohuo serikali ya Japani ikatamka wazi kwamba chanzo ni zebaki ya kiwanda hicho.

Kumbe ilikuwaje? Zebaki iliingia baharini, ikaingia katika samaki na kombe. Paka walikula mabaki ya samaki walewale waliokuwa wakiliwa na watu. Mwili wa paka ni mdogo, kwa hiyo walitangulia kuugua. Zaidi ya watu 2,000 walithibitishwa na serikali kuwa wamepata ugonjwa huo. Mwaka 2013 mataifa yaliafikiana mkataba wa kupunguza zebaki duniani, wakaupa jina la mji ule: Mkataba wa Minamata. Tanzania nayo imo.

Habari hii ni yetu pia. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita na mahali pengine hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Ikichomwa, mvuke wake ni sumu hata usipouona. Ikitupwa mtoni inawafikia samaki. Usiichomee jikoni, wala nyumbani, wala karibu na watoto na akina mama wajawazito.

SIYO JIRANI

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni zito. Paka akilia usiku kama mtoto, akizunguka na kuanguka mlangoni, utasikia mtu akisema, "Huyu katumwa." Asubuhi jina la bibi kizee fulani linatajwa kilabuni. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia miaka yote.

Paka aliyekula panya mwenye sumu atazunguka na kuanguka. Paka aliyezibwa mkojo atalia usiku kucha. Paka mwenye kichaa atakurukia. Hakuna aliyetumwa. Anayemtaja bibi kizee anaacha sumu ikiwa palepale uvunguni, na kesho mtoto ataiokota. Hapo atakuwa amepoteza wawili: jirani na mtoto. Ukisikia maneno hayo yanaanza, mwambie mwenyekiti wa kitongoji mapema.

TUKINGE

Mchanje paka dhidi ya kichaa anapofikisha miezi mitatu, na kila mwaka kama afisa mifugo atakavyoelekeza. Mbwa naye achanjwe. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizeni kama chanjo itatolewa katika kata yenu.

Ukitega sumu ya panya, zunguka kila asubuhi uokote panya waliokufa, uwazike. Iweke mahali asipofika mtoto wala kuku. Mtoto akiila, mkimbize zahanati pamoja na pakiti yake, hata kama bado anacheza.

Dawa za mifugo na za mahindi zifungiwe katika sanduku. Chupa tupu zisigeuzwe za mafuta ya kula.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Je, katika kijiji chenu sumu ya panya inanunuliwa wapi? Ina maandishi?

2. Mtoto akikwaruzwa na paka mgeni, nani nyumbani anajua la kufanya? Kituo cha karibu chenye chanjo kiko wapi?

3. Paka aliyekufa mara ya mwisho nyumbani kwenu alikufa kwa nini? Mlitafuta chanzo?

4. Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yenu imeandikwa wapi? Kama haijaandikwa, iandikeni leo mlangoni, kwa chaki, kila mtu aione.